Barua kwa Mwanaidi: hilo García

Mwanangu Mwanaidi,

Voisi yako nimeisikiza mara mbili. Wauliza jina la mumeo, García, limetoka wapi, na mbona kliniki wakiita García wanasimama watatu. Mwanangu, hilo ndilo linaloongoza Hispania nzima, watu kama milioni 1.4 ndilo jina lao la kwanza la ukoo, na Marekani sensa ya 2010 ilihesabu zaidi ya milioni moja. Zamani lilikuwa jina la mtu tu, kama Juma, kuna wafalme wa Pamplona waliitwa hivyo miaka elfu na zaidi iliyopita. Ndiyo maana halina ile -ez ya mwana wa fulani, kama Sánchez, mwana wa Sancho.

Kule kwenye meli ya jodari ya Wahispania nilikofanya kazi, fundi wa mashine, Mbasko wa Bermeo, watu wa kaskazini mwa Hispania wenye lugha yao, alikuwa akisema ni neno la kwao, hartz, yaani dubu. Mpishi naye alikuwa García kwa baba na García kwa mama, García García, sikufanyii mzaha, yeye akasema dubu ni nyinyi, jina hili latokana na gazte, kijana. Wakabishana mpaka wali ukaungua. Na wasomi wenyewe bado wavutana papo hapo.

Sasa hilo la majina mawili ndilo langu. Siku ya kuandikisha wakanipa fomu, jina la ukoo la kwanza, la pili. Nikaandika Ali, babangu, kisha Hamisi, babu, kama sisi tulivyo. Karani akakata Hamisi, akasema la pili ni la mama. Nikaandika Mwanaidi, jina la nyanyako. Basi orodha ikabandikwa pale penye meza ya kulia, Salim Ali Mwanaidi, vijana wa Mombasa wakanicheka safari nzima, mtoto wa mama, na mimi kila nikienda kula naliangalia lile jina. Nyanyako hajavuka zaidi ya feri ya Likoni, na jina lake lazunguka Bahari ya Hindi! Sikulibadilisha. Nimekwambia siku zote, jina ni deni.

Halafu kurudi, malipo yakakataliwa, paspoti yasema Hamisi, karatasi yasema Mwanaidi, "huyu Mwanaidi ni nani?" Miezi mitatu naenda narudi, mamako akikopa unga dukani. Mpaka leo nikikumbuka yule kijana wa dirishani nasikia moto. Labda makosa yalikuwa yangu. Lakini la, fomu ilikuwa yao.

Kwa hivyo jina la mtoto wenu. Huko Hispania mwanamke aolewa na habadilishi jina, hilo nalipenda, na tangu 2017 la baba haliwi mbele lenyewe, mwakubaliana nyinyi wazazi. García Salim au Salim García. Mimi sisemi, maana Salim ni mimi, nitakuwa najipigia debe. Ila García wako wengi, hata likikaa nyuma halitapotea. Haya, nishasema. Msinisikize.

Nyanyako nilipomhadithia ile orodha aliuliza kitu kimoja tu, "waliliandika sawasawa?" Wewe kabla hujasaini hiyo fomu nipigie picha unitumie, nisome kila herufi.

Babako