"Big fish market": kikubwa hapo ni samaki au soko?

Mama mmoja wa Igoma kaniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu, mwanangu wa darasa la sita alipewa sentensi ya Kiingereza, My uncle sells dagaa in a big fish market, aonyeshe kivumishi na nomino inayovumishwa. Kaandika big inavumisha fish na kapigiwa vema. Mimi naona kama sivyo, nani kakosea?"

Marahaba mama, na umeona sawa. Inayovumishwa hapo ni "market". Mjomba anauza dagaa, sasa samaki mkubwa katokea wapi? Kilichomponza mtoto ni ile kanuni wanayokaririshwa kwamba kivumishi cha Kiingereza kinatangulia nomino, basi neno linalofuata ndio lake. Kutangulia kinatangulia, ila sio lazima vigusane. Tena ukienda na kanuni hiyo hata "fish" itageuka kivumishi kwa vile iko kabla ya "market", wakati ni nomino imeegeshwa kwenye nomino nyingine. Ijaribu na "very" utaona, very big inasemeka, very fish haisemeki. Na ukikutana na "the fish is fresh" kivumishi kimekaa mwishoni kabisa, kanuni imekufa hapo hapo.

Dawa ni kurudi kwenye Kiswahili. Soko kubwa la samaki, au soko la samaki wakubwa? Ukishatafsiri tu, upatanisho, yaani kivumishi kufuata ngeli ya nomino yake, unakuonyesha kubwa ni ya nani. "Big" ya Mwingereza haibadiliki, iwe soko, iwe samaki mmoja, wawe mia, ndio maana yeye akitaka samaki wawe ndio wakubwa inabidi aweke kistari, "big-fish market". Sisi tuna kiambishi, hatuhitaji kistari.

Na hapa ndio panaponiuma, maana kiambishi chenyewe tunakitupa kwa mikono yetu. Zunguka soko la samaki la Mwaloni Kirumba hapa Mwanza, panda daladala, sikiliza: samaki kubwa, sangara kubwa, sato mbichi, dagaa kavu. Jamani ni samaki mkubwa, samaki wakubwa, sato wabichi, dagaa wakavu! Watu wananiambia mwalimu acha hizo, si tunaelewana. Hatuelewani. Niandikie "soko la samaki kubwa" halafu uniambie kikubwa ni kipi, maana kubwa hiyo inalifaa soko, na wewe umeshaizoesha kwa samaki pia. Umejitengenezea fumbo lile lile la Kiingereza kwenye lugha ambayo haikuwa nalo.

Wengine wanajitetea kwamba samaki ni kama nyumba, ni kama ngoma, umoja na wingi havibadiliki, kwa hiyo "kubwa" inakaa. Umbo ndio lile, lakini samaki ana uhai, na chenye uhai kinafuata ngeli ya A-WA hata kama umbo lake linavutia kwingine. Mfano wangu ni kiboko, na nitaurudia mpaka uingie. Kiboko mkubwa ni yule mnyama wa ziwani, kiboko kikubwa ni cha kuchapia. Neno moja, herufi zile zile, kinachotenganisha ni m- na ki- tu. Mvuvi akipiga kelele kuna kiboko mkubwa majanini, kila mtu anaukimbia ufukwe, akisema kuna kiboko kikubwa majanini, labda mchunga ng'ombe kasahau fimbo yake. Bado mtaniambia upatanisho ni mapambo?

Neno kivumishi lenyewe limetokana na kuvumisha, kukifanya kitu kivume kijulikane, sasa kitajulikanaje kama hatujui kinavumisha nani.

Kwenye kumiliki nalegeza. Ng'ombe zangu, mbuzi zetu, semeni, sarufi yenyewe imeyakubali na huku kwetu kwa wafugaji ukimkataza mtu kusema ng'ombe zangu atakushangaa. Ila sifa ikifuata inarudi palepale, ng'ombe zangu wakubwa, sio ng'ombe zangu kubwa. Hapo silegezi.

Kwa hiyo mama, mtoto asifute jibu lake kwanza. Chini ya ile sentensi aandike mjomba anauza dagaa kwenye soko kubwa la samaki, na chini yake tena mjomba anauza dagaa kwenye soko la samaki wakubwa, apeleke daftari kwa mwalimu wake kwa adabu amuulize ni ipi kati ya hizo mbili aliyoipigia vema.