Mwanangu, kuhusu ile foku yako

Mwanangu,

Umeuliza kama uwatumie wenye kompaila mama (ile programu inayogeuza maandishi ya programu kuwa lugha ya mashine) foku yako yote, yaani nakala uliyojitenga nayo ukaiendeleza mwenyewe, kwa mpigo, ama uendelee na yako kwa vile imewazidi spidi. Siku tatu nalizungusha kichwani. Mimi nakuuliza hivi, ukishatuma, nani atasoma?

Unakumbuka ule mwaka nilikuwa nasinzia mezani na baba yako ndio anakupeleka shule? Nilikuwa na foku yangu, miezi 14. Nikawatumia pachi moja, yaani furushi la mabadiliko, ya mistari 6,000 na kitu, ndani yake kuna ugawaji wa rejista (vile vihifadhi vidogo ndani ya prosesa) nilioufanya vizuri kabisa, na pia kale kaujanja ka kutoa nje ya lupu, ile sehemu inayorudiwarudiwa, hesabu zisizobadilika. Msomaji wao akajibu baada ya wiki tano, programu ya mistari minne tu. Lupu inazunguka mara sifuri, ndani kuna kugawanya kwa n, na n ni sifuri. Kwa kompaila yao ilipita, kwa yangu ikakwama, maana ule mgawanyo nilishautoa nje kwa hiyo unafanyika hata pale lupu isipoingiwa kabisa. Pachi nzima ikarudishwa, na rejista zangu humohumo, ambazo hazikuwa na kosa lolote! Baadaye mtu mwingine akaleta wazo lilelile vipande vipande, vikaingia, jina langu halipo. Inaniuma mpaka leo.

Sasa walinionea? Ningekuwa mimi nasomeshwa mistari 6,000 ya mtu nisiyemjua... ndio maana nasema kila siku, pachi ndogo inasomwa, pachi kubwa inaogopwa.

Ila hapohapo najibishana mwenyewe. Kundi la EGCS walijitenga na GCC, kompaila huria maarufu, mwaka 1997 kwa sababu kule mambo yalikuwa yanaingia polepole mno, na Aprili 1999 FSF, shirika lenye GCC, wenyewe wakaifanya EGCS ndio GCC rasmi, Julai ikatoka GCC toleo la 2.95. Foku ikawa mama! Lakini wale walikuwa kundi, na muda wote hakimiliki ya maandishi ya programu yao waliendelea kuwaandikishia FSF, mlango wa kurudi hawakuufunga. Wewe uko peke yako na hujavuta mabadiliko yao kuyaingiza kwako tangu lini?

Sikuamulii, japo ulimi unawasha. Ile sehemu yako ya kukunja konstanti (kompaila kukokotoa mapema hesabu za namba zinazojulikana), ukiitoa peke yake pamoja na testi zake inakuwa mistari mingapi? Hesabu unitumie.

Mama