Mzizi wa huduma ya majina unapatikana, lakini hauitiki

Ndugu, unasema programu yako ya CORBA (mfumo wa kuunganisha programu zilizo kwenye mashine tofauti) inafanya kazi vizuri ikiwa mashine moja na orbd, seva ya majina inayokuja na Java, ila ukiihamishia kompyuta ya tawi la pili inatupa COMM_FAILURE, yaani mawasiliano yameshindikana. Jambo hilo lilinikesha siku tatu nilipokuwa nikihudumia ofisi moja hapa Nairobi, seva ikiwa Industrial Area na makarani wakiwa Westlands.

Kosa la kwanza ni jepesi. Usipoiambia Java 8 seva iko wapi, inautafuta mzizi, yaani mahali utafutaji wa kila jina unapoanzia, kwenye mashine yake yenyewe, poti 900. Niliweka -ORBInitialHost (anwani ya seva) na -ORBInitialPort 1050 (poti yake), nikajua nimemaliza.

Wapi! Na kilichonizubaisha ni kwamba resolve_initial_references, amri ya kuuomba mzizi, ilirudi salama. Kugoma kulianza nilipoomba jina la kwanza. Nikagombana bure na fundi wa mtandao, maskini, aliyekuwa akinijibu kwa upole tu. Kumbe unachorudishiwa si mzizi wenyewe. Ni IOR, yaani maelekezo ambayo seva imeyaandika juu yake yenyewe: nitafute anwani fulani, poti fulani. Niliyachapisha maelekezo hayo kwa object_to_string, amri ya kuyageuza maandishi, upande wa Westlands, nikayapitisha kwenye catior, kiprogramu cha kuyasoma kinachokuja na omniORB, CORBA nyingine. Anwani iliyotokea: 127.0.1.1, ambayo kwa kompyuta yoyote maana yake ni "mimi mwenyewe".

Seva ilikuwa ikimwambia kila mtu "niko hapa." Ni kama kumpigia simu mgeni aliyepotelea Gikomba, ukimuuliza yuko wapi anasema "si niko hapa nje." Kwa kompyuta ni vibaya zaidi, maana "hapa" huwa ni kwa yule anayesoma. Kompyuta ya Westlands ilikuwa ikijigongea mlango wake yenyewe.

Chanzo ni Debian, mfumo wa Linux uliokuwa kwenye seva. Ikisakinishwa, mara nyingi huandika jina la mashine kwenye /etc/hosts, faili ya majina na anwani zake, pamoja na 127.0.1.1, na Java ikitaka kujua anwani yake, jibu hutoka humo. Niliweka anwani halisi ya seva kwenye mstari huo, nikazima orbd na kuiwasha upya. Kama huruhusiwi kugusa faili hiyo, anzisha orbd kwa -J-Dcom.sun.CORBA.ORBServerHost= ikifuatwa na anwani.

Fayawoli, yaani kinga inayochuja mawasiliano ya mtandao, nayo iangalie. Yetu iliruhusu poti 1050 peke yake, ilhali orbd husikiliza pia 1049 kwa ajili ya vitu vyake vya kudumu. Fungua zote mbili.

Na kabla hujashawishika kupandisha Java: toleo la 11, la mwaka 2018, liliondoa CORBA yote, orbd ikiwemo. Mimi seva ile niliiacha kwenye 8.

Anza na catior, uniambie imekutolea anwani gani.