Breki ya mbele ya CG125: usikimbilie diski

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Honda CG125 ya mwaka 1984 aliyoniachia marehemu baba. Nikishuka kutoka Lushoto kwenda Mombo, kona za mwanzo breki ya mbele inashika vizuri. Nikifika katikati, nakamata mkono wa breki mpaka unagusa usukani na pikipiki inazidi kwenda. Fundi wa hapa anataka kunifungia breki ya diski ya pikipiki ya Kichina. Mimi nataka kazi hii niifanye mwenyewe nyumbani. Niifunge hiyo diski?
Msomaji, Lushoto

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Diski iache kwanza. CG ilitoka mwaka 1976 ikiwa na breki ya dramu, ile ngoma iliyo katikati ya tairi, inayovutwa kwa waya, na dramu ile ikiwa nzima inatosha kwa mwendo wa pikipiki hiyo. Nyingi ninazoletewa gereji zina ugonjwa mmoja: miaka mingi hakuna aliyezifungua.

Unachokieleza ni joto. Dramu ikipata moto inatanuka na kuziacha nyuma breki shuu, vile vipande viwili vinavyoisugua kwa ndani, na lainingi (gamba la juu ya shuu) zikiungua zinapoteza ukali. Kama shuu zinagusa kwa ncha tu, mteremko wote ule unabebwa na kipande kidogo, lazima kiungue mapema.

Anzia hapo. Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, weka kigogo chini ya injini, chomoa waya wa breki na wa spidi, kisha toa ekseli na tairi. Lile vumbi jeusi usilipulize, kwa mdomo wala kwa kompresa. Shuu nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, na vumbi lake linaua mapafu. Lifute kwa kitambaa kilicholowa maji, ukitupe.

Paka chaki lainingi zote mbili, ncha hadi ncha. Rudisha tairi, lizungushe kwa mkono huku ukigusa breki kidogo, halafu fungua tena utazame. Palipofutika chaki ndipo panaposhika. Ukikuta pamefutika upana wa vidole viwili na kwingine kote kungali kweupe, umeshampata mwizi wako. Piga msasa namba 80 pale palipofutika, kidogo kidogo, vumbi lake nalo ulifute kwa kitambaa kilicholowa, urudie chaki mpaka ifutike karibu kote. Lainingi iliyolowa oili au grisi usiihangaikie, nunua shuu mpya. Na shuu mpya nazo zipakwe chaki, kwa sababu dramu iliyolika haifanani na ile ya kiwandani.

Ndani ya dramu kumeandikwa kipimo cha mwisho cha upana wake. Ukipita hapo, dramu imekwisha. Kama mkono wa breki unakupigapiga vidole unaposimama, huenda dramu imepoteza duara. Spoki zilizokazwa vibaya huweza kuivuta habu (kitovu cha tairi), kwa hiyo nyoosha ringi kabla ya kukimbilia mashine ya kuchonga.

Sasa ule mkono mdogo kwenye habu, unaovutwa na waya. Ukikamata breki kwa nguvu, mkono huo na waya vifanye pembe mraba, au karibu yake. Ukipita sana hapo unavuta bure. Kuna mafundi wanaouchomoa mkono huo na kuurudisha kwenye meno mengine ili shuu zilizokwisha zionekane zinashika. Usikubali hata siku moja! Kemu, kile chuma kinachozisukuma shuu, inaweza kujigeuza ndani na kukwama, tairi likafunga ukiwa mwendoni. Alama ya nukta iliyo kwenye mkono ikutane na ya kemu. Waya nunua mpya, maana ganda la waya mzee linajikunja na kula nguvu yako yote.

Wakati wa kufunga, nakuomba usiharakishe. Ile sahani inayobeba shuu ina mfereji, na mfereji huo lazima ukae kwenye jino la shokapu. Usipokaa, sahani itazunguka na tairi, na hapo utaruka juu ya usukani. Ukishahakikisha, legeza nati ya ekseli, mwambie mwenzako akamate breki kwa nguvu na asiachie, ndipo ukaze. Shuu zitajipanga katikati ya dramu. Zizoeshe kwanza kwenye tambarare, na siku ya kushuka Mombo tumia gia ambayo ungepandia.

Kama baada ya hayo bado unataka diski, chukua mbele nzima ya pikipiki moja: shokapu, T zinazozishika, tairi, kalipa (inayobana diski), paipu na masta (pampu ya mafuta ya breki kwenye usukani). Ukiweka masta kubwa kuliko inayotakiwa na kalipa, mkono unakuwa mgumu na breki dhaifu. Shokapu za baba yako hazina mahali pa kufungia kalipa, na kipande cha kuchomelea hapo mimi sikifungi kwa mtu yeyote.

SWALI: Nina chupa ya mafuta ya breki, DOT 4, niliyoifungua mwaka juzi, imebaki nusu. Niitumie kwenye pikipiki yangu yenye diski?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani, na Mombasa unyevu haukosekani. Yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230, yakishanyonya maji kiwango chake hushuka hadi 155, na yakichemka mkono wa breki unazama. Nunua chupa ndogo mpya, toa upepo kwenye paipu ya breki mpaka yatoke safi bila mapovu, na funika tangi la petroli kwa kitambaa, kwa sababu yakidondoka yanakula rangi.