Wimbi ni letu

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Tororo. Sisi wazima, mvua imeanza. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema mwenzako kazini kakuambia Uganda haina chakula chake, vyote tumeletewa, nawe ukakosa la kumjibu. Ukaniuliza, "Mama, kipi basi ni chetu?"

Kwa mengi hakusema uongo. Mahindi asili yake Mexico. Muhogo na karanga ni vya Amerika Kusini, Wareno ndio waliovivusha bahari. Hata jina posho, tunaloliitia ugali, lilikuwa la mgao wa chakula wa wapagazi na askari, likaja kuhamia kwenye sufuria zetu. Chapati ni ya Wahindi, na zaidi ya 30,000 kati yao waliletwa kujenga reli ya Mombasa hadi Kisumu, 1896 mpaka 1901.

Kwenye matoke nabisha. Ndizi zilitoka Asia ya Kusini-Mashariki, sawa, lakini wakulima wa huku Maziwa Makuu walichagua chipukizi kizazi baada ya kizazi mpaka wakapata aina nyingi zisizopatikana kwingine. Aliyekaa muda wote huo bado ni mgeni?

Ila jibu lako ni wimbi, nafaka ambayo wengine huiita ulezi.

Nilikuwa na miaka tisa, tunapalilia na bibi yako. Nikang'oa shina, akanishika mkono: "Hilo ni wimbi!" Nikang'oa jingine, akatikisa kichwa. Kuna gugu linalofanana nalo kama pacha, majani yale yale, urefu ule ule. Akaniinamisha nilitazame suke lake: vidole vyembamba, na ukiligusa likikomaa punje zinamwagika chini zenyewe. Wimbi hushika punje zake mpaka ulikate kwa kisu.

Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipojua kwamba gugu lile ni mzazi wa wimbi. Watu wa kale wa nyanda za juu, tangu Ethiopia hadi huku kwetu Uganda, waliokota masuke yasiyomwaga punje, wakayapanda tena na tena, miaka maelfu. Mzazi yuko mpaka leo, anatusumbua shambani. Mahindi hayana mzazi wa porini hapa, wake yuko Mexico. Ukitaka kujua asili ya zao lolote, tafuta ndugu zake wa porini wanaota wapi.

Na wimbi lilisafiri pia. Lilivuka kwenda India karne nyingi kabla ya reli. Huko Karnataka huliita ragi, hulisonga, hulifinyanga tonge la mviringo na kulila kwa mchuzi. Mwambie mwenzako hivyo: kabla hatujaijua chapati yao, wao walikuwa wanakula wimbi la huku kwetu.

Nimempa kondakta wa basi la kesho asubuhi kilo mbili za unga, nimeusaga pamoja na makopa kidogo ya muhogo. Maji yachemke kabisa kabla hujatia unga. Songa mpaka mkono uchoke, usiuogope weusi wake, kisha uulainishe uso kwa kipande cha kibuyu kilicholowa maji. Kibuyu kimo ndani ya mfuko, nimekifunga kwa gazeti kisivunjike. Ni kile cha bibi yako.

Mama yako