Jibu: Sindano ya miezi mitatu niliacha, hedhi haijarudi

Habari dada, pole kwa mawazo. Kama nimekuelewa, sindano ya mwisho ya uzazi wa mpango ulichoma Januari, sasa ni Septemba, hedhi hakuna, mimba unayotafuta hakuna, na wifi anasema kizazi kimeharibika.

Kwanza pima mkojo kesho asubuhi, hata kama una uhakika. Yai hutoka kabla ya hedhi kurudi, kwa hiyo mtu anaweza kushika mimba bila kuona siku zake hata mara moja.

Ukikuta hakuna, tazama kadi yako ya kliniki. Hesabu tangu siku ya sindano ya mwisho, siyo siku uliyotakiwa kurudi. Kwa wastani wanawake hushika mimba baada ya miezi 9 au 10 hivi, wengine huvuka mwaka. Kwa hiyo bado hujachelewa. Mimi nilikaa miezi 11 bila tone, nikashika mimba mwezi wa 14.

Dawa za kusafisha kizazi achana nazo! Nilinunua chupa mbili, nikaambulia kuharisha tu. Sindano haiachi uchafu wa kusafishwa. Ni homoni inayotoka mwilini taratibu.

Hujasema umri. Kama umevuka 35 usisubiri sana, muone daktari wa wanawake sasa. Vilevile ukiwa na maumivu ya nyonga au uchafu wenye harufu. Na mzee naye apimwe mbegu, akae siku 2 hadi 7 bila tendo kabla ya kipimo. Wangu aligoma miezi mitatu.