Rupia za bibi kwenye mizani: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Salamu kutoka Mwanjelwa. Unauliza kama ni kweli alivyokwambia yule sonara wa Chunya, kwamba zamani dhahabu ilipimwa kwa rupia, na kama rupia kumi za marehemu bibi yako zinaweza kukagua mizani yako ndogo ya dijitali. Ni kweli, na zinaweza, ila kuna namna yake.

Mwaka 1833 Waingereza huko India waliamua tola moja, kipimo cha uzito cha kule, iwe uzito wa rupia moja, yaani gramu 11.66. Kwa hiyo sonara hakuhitaji kununua mawe ya mizani, alikuwa nayo mfukoni. Rupia za Mjerumani, zilizoanza mwaka 1890, zilifuata uzito huohuo na madini yaleyale ya fedha ya asilimia 91.7. (Piga hesabu: zile rupia 5,000 alizoahidiwa mwaka 1898 atakayemleta Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, zilikuwa kilo 58, mzigo wa wapagazi wawili.) Uingereza nako, peni nene ya shaba ya mwaka 1797 ilitengenezwa iwe wakia moja kamili, na wenye maduka wakaigeuza jiwe la mizani.

Sasa mizani yako. Iweke juu ya meza isiyotikisika, mbali na dirisha na feni, betri ikiwa mpya. Rupia yenye tundu, au yenye kikuku kilicholehemewa ili ivaliwe shingoni, itoe kabisa: tundu limepunguza uzito, risasi ya kulehemu imeuongeza. Pima moja moja, andika, jumlisha. Halafu zipime zote kumi pamoja. Kwa mizani inayosoma hadi sehemu moja ya mia ya gramu (0.01), majumlisho hayo mawili yasipishane zaidi ya gramu 0.05. Yakipishana zaidi, mizani ndiyo mbovu, hata kama rupia zimechakaa, maana hapa hatuhitaji kujua uzito wake halisi. Kisha weka rupia moja katikati ya sahani, halafu kila pembe. Ikisoma tofauti pembeni, kitako kimepinda au uchafu umeingia chini ya sahani.

Zote kumi zingekuwa mpya zingesoma 116.6. Zikisoma 115 usikimbilie kulaumu mizani. Fedha hulika kwa kushikwashikwa.

Ukitilia shaka kama rupia ni ya fedha kweli, weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza rupia kwa uzi mwembamba izame yote bila kugusa chini wala ukingo. Ya fedha itasoma kama 1.13. Ya bandia ya shaba na nikeli yenye uzito uleule itasoma kama 1.31. Viputo vya hewa vinapandisha namba, basi ilowanishe kwanza kwa tone la sabuni.

Kazi nyingine ya uzito wa sarafu iko London, kwenye saa ya Big Ben. Mafundi huweka peni za zamani juu ya timazi yake, ule uzito unaoning'inia na kubembea kuiendesha saa. Peni moja hupandisha kidogo kitovu cha uzito, timazi inakuwa kama imefupishwa, na saa inaongeza sekunde 0.4 kwa siku. Mimi naona hakuna matumizi ya sarafu yenye akili kuliko hayo. Ya kijinga kuliko yote yalikuwa Marekani, ambako watu walichomeka senti ya shaba mahali pa fyuzi iliyoungua. Senti haiyeyuki, basi waya za ukutani ndizo zinazoungua.

Kwa kununulia na kuuzia dhahabu, mizani iwe na stempu ya Wakala wa Vipimo. Rupia ni za kukushtua tu mizani ikianza kuyumba kabla ukaguzi haujafika. Na usizisugue kwa majivu wala dawa ya meno, kila msuguo unakula fedha. Futa kwa kitambaa laini, zifunge kila moja na karatasi yake.

Baba yako